Tulilipia kuogelea na pomboo, tukauziwa mbio

Msomaji mpenzi, tangu turejee kutoka likizoni kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni. Ni sauti ya kijana wa mashuani akimpigia binti yangu kelele: "Ruka! Ruka sasa, wako chini yako!" Naye binti, ambaye nyumbani humwambii neno moja akalitenda kabla hujalirudia mara tatu, siku hiyo alitii papo hapo. Akaruka.

Lakini wacha nianzie mwanzo, nisije nikaonekana mama mwenda wazimu aliyemtosa mwanawe baharini.

Kifungua mimba wetu ana umri wa miaka 14, na kwa muda wa miaka miwili amekuwa na ugonjwa mmoja tu: pomboo. Picha za pomboo zimejaa ukutani kwake na kwenye majalada ya madaftari. Iwapo hujawahi kumwona, huyu ni mnyama wa baharini mwenye umbo la samaki ilhali si samaki. Hupumua hewa kama mimi na wewe, hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha. Baba yake, bila hata kuniuliza, alimwahidi kwamba akifanya vyema katika mtihani atampeleka kuogelea nao. Wanaume nao! Desemba ilipobisha hodi, ahadi ikawa deni.

Najua utaniuliza kwa nini tusiende Shimoni, hapa hapa kwetu, ambako kuna pomboo katika hifadhi ya bahari ya Kisite. Jibu ni rahisi. Shemeji yangu anafanya kazi Unguja, na malazi ya bure hayakataliwi. Basi tukapanda gari moshi hadi Mombasa, tukashika basi la kwenda Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga, na kutoka huko tukavuka kwa boti. Kitindamimba wetu, mvulana wa miaka tisa, alitapika kuanzia Dar hadi Unguja bila kupumzika.

Jioni ya pili, tukila mishikaki pale Forodhani, tukanaswa na papasi. Huko Unguja vijana wanaowatafutia wageni safari huitwa papasi, jina la yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi hadi ashibe. Huyu wetu alikuwa mcheshi na mwenye maneno matamu kama halua. "Pomboo mtawaona, mtaogelea nao, mkitaka mtawashika," akatuhakikishia. Bei ikapanda, ikashuka, tukakubaliana. Sikuuliza swali jingine lolote isipokuwa kama chakula kimo. Kosa la kwanza hilo.

Kizimkazi ni kusini mwa kisiwa, kilomita zipatazo 50 kutoka Mji Mkongwe. Ni mahali penye historia ndefu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 1107 yaliyochongwa ukutani. Tulikusudia kuuona, lakini mwenyeji wetu alikuwa na haraka ya ajabu. Sababu nilikuja kuielewa tulipofika pwani. Siku hiyo meli kubwa ya kitalii ilikuwa imetia nanga bandarini, na baadhi ya abiria wake walikuwa wameletwa kwa mabasi madogo: familia nzima nzima za Wazungu, watoto wamepakwa mafuta ya jua hadi puani. Wote walitakiwa wawaone pomboo, waogelee, wale, kisha wawe melini kabla ya jua kutua. Mtu mwenye saa chache na kamera mbili hana subira, nasi tuliingia katika mkondo huo huo.

Mashuani tulikuwa watu tisa. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwa sita. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba bahari imetulia kama maji ya mtungi. Nikawavika watoto, nikajivika na mimi ambaye kuogelea kwangu kunaanzia na kuishia kwenye beseni. Mume wangu alikataa ya kwake. Yeye ni mzaliwa wa ziwani na hujigamba kwamba alijua kuogelea kabla ya kujua kutembea.

Hatukukaa nusu saa, mapezi yakaonekana. Msomaji, sitakudanganya: moyo uliniruka kwa furaha. Walikuwa kama wanane, migongo ya kijivu iking'aa, wakienda taratibu, na ubavuni mwa mmoja kulikuwa na kitoto kilichomganda mama yake kama kivuli. Binti yangu akaanza kulia machozi ya furaha. Furaha hiyo haikudumu hata dakika mbili.

Mashua zilitokea kila upande. Nilizihesabu kumi na moja. Kila nahodha alitaka kulipita kundi, azime injini mbele yake, kisha awatupe wageni wake majini kabla pomboo hawajapiga mbizi. Wakizama, injini zinawaka tena, moshi na mawimbi, na mbio zinaanza upya kule watakakochomoza. Ilikuwa kama kuwatazama polisi wakiwafukuza wachuuzi katikati ya Nairobi, tofauti ikiwa kwamba huku aliyefukuzwa hakuwa na uchochoro wa kujificha.

Hapo ndipo nilipoisikia ile "Ruka!" Binti akaruka na miwani yake ya majini. Pomboo wakapita chini yake, wakapotea. Mashua yetu ikasukumwa na wimbi hatua kadhaa, na katika nafasi iliyobaki kati yetu na mwanangu ikaingia mashua nyingine ikirudi kinyumenyume. Nahodha wake alikuwa anatazama pomboo, hakuwa anatazama nyuma. Chini ya ile injini kuna rafadha, yale mapanga yanayozunguka na kusukuma maji. Niliona kichwa cha mwanangu, nikaona rafadha, nikapiga ukemi ambao sikujua ninao.

Mume wangu alijitosa na suruali, viatu na simu mfukoni. Alimfikia, akamvuta kando, na mashua ile ikapita labda urefu wa meza ya kulia chakula kutoka walipokuwa. Walipopandishwa, binti hakuwa na hata mkwaruzo. Alikaa akitetemeka, kisha akasema maneno ambayo hakuna mtu mashuani aliyeyajibu: "Mama, hawakutaka kuogelea na sisi. Walikuwa wanatukimbia."

Mtoto alisema kweli, na wataalamu walishayapima hayo papo hapo Kizimkazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha maisha ya pomboo hao wanapokuwa peke yao na wanapozungukwa na mashua za watalii. Bila mashua, walikuwa wakipumzika asilimia 38 ya muda wao; mashua zikiwepo, muda huo ulianguka hadi asilimia 10. Muda wa kutafuta chakula nao ulipungua kwa karibu nusu. Na muda wa kusafiri tu, yaani wa kwenda na kwenda, ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 77. Wewe jaribu kuishi hivyo, msomaji, huna usingizi wala mlo, na unanyonyesha. Pomboo hana hata kitanda cha kurejea. Hulala nusu ya ubongo huku nusu nyingine ikiwa macho ili akumbuke kupanda juu kuvuta pumzi. Tena hawa si wengi kama dagaa. Makadirio ya miaka ya 1999 hadi 2002 yaliwaweka wale wa aina tuliyoiona chini ya 200 katika eneo hilo.

Nilipofika ufuoni nilikuwa nimeshaapa kuandika makala ya kuwaambia nyote msikanyage huko kamwe. Kilichonibadilisha nia ni mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema: "Sisi tulikuwa tunawachoma."

Zamani, akanieleza, wavuvi wa Kizimkazi waliwawinda pomboo kwa chusa, na nyama yake ikawa chambo cha kunasia papa. Watalii walianza kuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaonekana kwamba pomboo aliye hai analeta fedha leo, kesho na keshokutwa, ilhali aliyechomwa huliwa na papa mara moja tu. Uwindaji ukakoma mwaka 1996, na mwaka uliofuata ghuba hiyo ya Menai ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. "Ninyi wageni ndio mliowaokoa," akasema mzee. Kisha akacheka kidogo. "Sasa ninyi wageni ndio mnaowachosha."

Nahodha wetu alikuwa amesimama karibu, kimya. Mume wangu, maji bado yakimchuruzika, akamwuliza kwa hasira iliyopoa kidogo: "Ndugu yangu, kwani ni lazima kuwafukuza?"

"Bwana, si lazima," akajibu. "Lakini nikikaa mbali, mgeni ananung'unika. Anasema mwenzake kapata picha, yeye hakupata. Akirudi mjini anamwambia papasi, na papasi kesho hanipi watu. Mimi nina watoto wanne."

Kwa hakika sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, dakika chache kabla ya ile ruka, nilikuwa nimemwambia asogee zaidi kwa sababu mashua ya Wazungu ilikuwa mbele yetu. Jambo hilo sikulitaja mbele ya mume wangu. Nafikiri analisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Tukafanya mapatano. Tulimlipa nahodha yule yule, yeye mwenyewe bila papasi, atupeleke tena siku ya tatu yake, alfajiri, kabla mabasi hayajafika. Masharti yalikuwa yetu: jaketi kwa kila kichwa, baba mwenye kiburi akiwemo, akiliona kundi apunguze mwendo, azime injini mbali, asiwakatizie njia, penye kitoto tusikaribie kabisa, na hakuna mtu atakayeambiwa aruke. Alitutazama kama watu waliolipia nyama choma halafu wakaomba moshi.

Tulikaa majini tukielea zaidi ya nusu saa. Mvulana akachoka, akaomba mkate. Pomboo walikuja wakapita umbali wa kama nusu ya uwanja wa mpira, bila haraka. Wawili kati yao wakageuka, wakaja kutuzunguka mara moja, wakaondoka zao. Hatukuingia majini. Kwa mujibu wa papasi, hiyo ni safari iliyoharibika. Lakini injini ikiwa imezimwa unasikia jambo ambalo katika zile mbio halisikiki hata kidogo: pumzi. Kila mmoja akichomoza anatoa hewa kwa nguvu, pfuu, kama mzee aliyefika juu ya ngazi. Binti yangu alifumba macho asikilize. Mimi nilikuwa natazama uso wake zaidi ya nilivyotazama bahari.

Ninajua wengi wenu mnapanga likizo, na wengine mna ndugu walio ng'ambo wanaopanda hizo meli za kitalii na kuteremka bandarini kwa saa chache. Popote mtakapopelekwa, Kizimkazi, Shimoni au kwingineko, msikabidhi fedha kabla hamjajua mtakuwa wangapi mashuani na jaketi ni ngapi, na muzione kwa macho, kwani jaketi ya maneno haielei. Mtoto asiyejua kuogelea asiingie majini ya kina hata akivikwa jaketi mbili, na anayejua kuogelea kwenye bwawa la shule asidhani bahari ni bwawa. Ulizeni nahodha hufanya nini akikuta mashua nyingine tano zimetangulia. Akikuhakikishia kwamba utamshika pomboo, mshukuru, utafute mwingine. Na mkiwa huko, mwambieni waziwazi kwamba hamtaki awafukuze na kwamba bakshishi yake haitapungua kwa ajili hiyo. Wetu alipoipata yake alihesabu mara mbili, nadhani kwa kutoamini.

Picha hatuna. Simu ya mume wangu ilikaa ndani ya mchele wa shemeji siku nne na haikufufuka, na mchele wenyewe ukaliwa. Tulichorudi nacho ni mvulana wa miaka tisa ambaye kila jioni, maji ya kuogea yakishamiminwa kwenye karai, huzamisha uso, akahesabu hadi kumi, kisha akainuka ghafla na kuulowesha ukuta wote: "Pfuu!"