Mayai hayaanguliwi? Mchunguze jogoo kwanza

Tetea amelalia mayai 12, siku 21 zimekwisha, vifaranga waliotoka ni wanne. Katika familia nyingi zinazofuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, hukumu hutolewa siku hiyohiyo: tetea hafai, achinjwe. Jogoo, anayewika uani kama mwenye nyumba, haulizwi kitu.

Ushahidi unaweza kupatikana mapema. Siku ya saba ya kulaliwa, usiku, washa tochi ya simu na uliweke yai juu yake. Ukiona mishipa midogo myekundu imetawanyika kama mizizi, kifaranga kimeanza kujengeka. Likiwa angavu tupu, huenda halikurutubishwa. Mayai ya namna hiyo yakiwa mengi, tena ya matetea tofauti, mtuhumiwa ni jogoo, na swali linalofuata ni anakula nini.

Utando mwembamba unaoizunguka mbegu ya jogoo umejengwa kwa mafuta laini, hasa ya jamii ya omega-6, ndiyo maana mbegu hujipinda na kuogelea vizuri. Mwili wa kuku hauwezi kuanza kuyatengeneza peke yake. Asili yake lazima itoke kwenye chakula, kama mahindi, soya na mashudu ya alizeti. Jogoo anayeshindia makombo ya wali na maganda ya muhogo hayapati ya kutosha. (Akina baba wasilichukulie kama ushauri wao: mbegu ya binadamu hutegemea zaidi omega-3.)

Tatizo ni kwamba mafuta hayo huharibiwa upesi na oksijeni. Kinachoyalinda ni vitamini E pamoja na madini ya seleniamu. Hapa ndipo pumba zilizokaa stoo kwa miezi, dagaa wenye harufu kali na mafuta meusi yaliyobaki kwenye karai la chipsi huleta hasara. Mafuta yaliyoharibika huimaliza vitamini E kabla haijamfaa jogoo. Ni chakula cha bei ya chini kinachogharimu vifaranga, na pengine ada ya muhula ilikuwa inawategemea hao.

Nunua pumba na mashudu kidogo kidogo yakiwa mapya, changanya dagaa kwa kiasi, na umpe majani mabichi kila siku: mchicha au mlonge. Usimzidishie mafuta, maana jogoo mnene hupata shida kumpanda tetea. Angalia pia idadi. Jogoo mmoja kwa matetea 10 inatosha.

Halafu subiri. Jogoo huhitaji kama wiki mbili kutengeneza mbegu mpya, na tetea huweza kutunza za zamani mwilini mwake kwa wiki mbili hadi tatu. Mayai ya kuatamisha yaanze kukusanywa baada ya mwezi mmoja hivi. Yakiwa bado angavu tupu, tafuta jogoo mwingine. Mayai ya mwezi huo wa kusubiri wale watoto.