Vumbi chini ya kioo cha telefone



Tangu kiangazi kianze, swali lililonifikia mara nyingi zaidi si la mitihani ya watoto wala la franka za masomo. Ni hili: «Mwalimu, angalia, kuna vidoti ndani ya kioo cha telefone yangu, nikifuta havitoki. Nifanye nini?» Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane barabara ya Masisi kwenda Walikale inakauka, na kila pikipiki inayopita inaacha wingu juu ya nguo tulizoanika, juu ya muhogo na juu ya telefone zetu. Msimu wa mvua tunalia matope, sasa tunalia vumbi.

Kabla ya kumpelekea fundi, jua kwanza vumbi liko wapi. Mara nyingi haliko ndani ya telefone. Liko chini ya kile kioo chembamba cha kubandika juu, kile cha kukinga. Pitisha ukucha pembeni mwa kioo: ukisikia ngazi ndogo, kuna kioo cha kubandika, na chembe ikinaswa chini yake inafanya kipovu cha hewa kuizunguka. Telefone yako ni nzima kabisa. Wauzaji wengi wanabandika vioo hivyo mezani kando ya barabara, na ile dakika moja gundi iko wazi inatosha. Mwombe aingie ndani ya nyumba. Au ubandike mwenyewe: nyunyiza maji sakafuni kwanza kama tunavyofanya kabla ya kufagia, funga dirisha, nawa mikono, futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kwa kikavu. Siku iliyonyesha mvua ni nzuri kuliko zote kwa sababu hewa imeoshwa. Jikoni mwenye unga wa bugali, hapana. Chembe ikibaki, inua pembe moja ya kioo polepole, gusa chembe kwa kipande cha skochi, nayo itanata. Shusha kioo.

Ikiwa hakuna kioo cha kubandika na vidoti bado vipo, zima telefone uitoe juani, uigeuzegeuze. Doti inayoonekana hata telefone ikiwa imezimwa, nyeupe au ya kijivu, huenda ni vumbi la ndani. Doti inayoonekana telefone ikiwaka tu, ikizimwa inapotea, si vumbi. Ni nukta ya picha iliyokufa, na hakuna kufuta kutakakoifufua. Telefone za bei ya chini na za zamani nyingi zina nafasi ndogo ya hewa kati ya kioo cha juu na sehemu inayotoa picha. Vumbi linaingia hapo kupitia tundu la kusikilizia, kupitia kifuniko cha nyuma, au mahali kioo kilipoanza kuachana na fremu. Telefone nyingi za siku hizi, sehemu hizo mbili zimegundishwa pamoja, hakuna nafasi ya vumbi.

Vidoti viwili vitatu visivyoongezeka, mimi nasema viacheni. Haviharibu chochote, haviuwi telefone. Kuvitoa ni sherti kufungua telefone, na kuifungua ni kukata gundi inayoziba mzunguko wake wote. Mama mmoja jirani alilipa ili doti moja itolewe. Wiki mbili baadaye alikuwa na doti saba na ukungu kila asubuhi, maana gundi haikurudishwa vizuri. Hata zile telefone za bei kubwa zilizoandikwa IP68 kwenye katoni (ile 6 ni ya vumbi, ndiyo namba ya juu kabisa, 8 ni ya maji) zikishafunguliwa, usitegemee tena namba hiyo.

Lakini kuna vumbi moja ambalo siwezi kusema muliache, na ndilo lililonifanya niandike juma hili. Ni lile linaloingia kwa mstari, upande mmoja wa kioo, na linaongezeka kila siku. Uliza: nani amefungua mlango? Kama telefone haikuanguka wala haikufunguliwa na fundi, huenda batri imevimba. Batri ikizeeka, ikipata joto sana au ikichajiwa kwa chaja mbovu, inafanya gazi ndani yake, inafura kama maandazi, inasukuma kioo kutoka chini. Nafasi inafunguka, vumbi linaingia. Hapo vumbi si ugonjwa, ni dalili. Batri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto.

Kuipima ni rahisi. Laza telefone chali juu ya meza bapa uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia ya watoto, au ikiyumba, mgongo umevimba. Angalia pia pembeni: ukiona mwanga kati ya kioo na fremu, mgongo unaweza kuwa sawa na batri inasukuma mbele. Tangu saa hiyo usiichaji tena, hata kwa dakika tano. Usiikandamize ili kioo kirudi, usiitoboe. Isilale chini ya mto wa mtoto. Kama ni telefone ambayo kifuniko kinatoka kwa mkono na batri inatoka bila nguvu, itoe uiweke nje, mbali na majani makavu na nyumba, usiitupe motoni wala shimoni mwa takataka. Kama haitoki, telefone yote ikae mahali hapo mpaka fundi aitoe. Na sisi tunaochaji kwa paneli ya jua, paneli ikae juani, telefone ikae kivulini. Naona nyingi zimelazwa juu ya bati pamoja na paneli yake, zinapikwa.

Ukienda kwa fundi, toa kwanza kadi ya simu na kadi ya kumbukumbu, uzibaki nazo mwenyewe. Wengi wetu pesa ziko ndani ya Airtel Money au M-Pesa, na kwa mama anayeshika likelemba si pesa zake peke yake. Namba ya siri haihitajiwi ili kubadilisha batri. Fundi akiomba ya kufungua telefone ili ajaribu kioo, iandike wewe mwenyewe mbele yake. Ile ya pesa, hata kidogo.

Matundu nayo yana vumbi lake. Tunafunga telefone katika pindo la kikwembe, na nyuzi za kikwembe pamoja na vumbi vinashindiliwa ndani ya tundu la chaja mpaka waya hauingii mpaka mwisho. Watu wanasema chaja imekufa, wananunua nyingine. Zima telefone, chukua kijiti kikavu cha meno, kwangua polepole, uchafu utoke kama sufi. Usitumie sindano, kwa sababu chuma kinaweza kuvunja vile vimeno vya ndani. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate. Pampu ya matairi pia hapana, inasukuma vumbi mbele zaidi. Tundu la kusikilizia linatosha mswaki mkavu, laini. Karibu na tundu hilo kuna jicho dogo linalojua kama sikio liko karibu, ndilo linalozima mwanga unapoongea. Vumbi likilifunika, telefone inadhani sikio bado lipo, kioo kinabaki cheusi na huwezi hata kukata simu. Futa hapo kabla ya kusema telefone imekufa.

Jambo la mwisho, la darasa la sayansi. Kioo cha telefone na kisu cha chuma vinakaribiana kwa ugumu, lakini chembe za mchanga mweupe zinavishinda vyote viwili. Kwa hiyo ufunguo mfukoni haukwaruzi kioo kama vumbi la barabara ukilifuta kavukavu kwa kikwembe. Geuza telefone chini, likung'ute kwanza, halafu ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. (Inachekesha kidogo: koltani ya Rubaya na madini ya bati ya Bisie huchimbwa katika udongo wetu huu ili kutengeneza vyombo vya namna hii, kisha vinarudi kwetu vinaogopa udongo uleule.)

Siku ya mkutano kila mama aje na telefone yake, na ile ya likelemba isisahauliwe. Meza ya darasa langu ni bapa, tutazizungusha pale moja moja kabla ya kuanza michango.