Amana ya Nyoka Mdogo



Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ametuletea swali lililomkosesha usingizi. Mjukuu wake, aishiye na wazazi wake Phoenix, Arizona, nchini Marekani, amepewa zawadi ya nyoka mdogo wa jangwani. Mwezi mzima sasa kijana humtilia vitoto vya panya, na nyoka havigusi. Mama auliza: je, mjukuu ana dhambi, ilhali chakula anakitoa?

Kwanza tumjue nyoka mwenyewe. Kwa sifa tulizoandikiwa, urefu usiofika nusu mita, rangi ya maziwa yenye mikanda myeusi na pua bapa, yaelekea ni yule tuwezaye kumwita pua-sepetu, mwenyeji wa majangwa ya Mojave na Sonora. Hana madhara kwa binadamu. Pua yake imeumbiwa kuchimba, naye hupita ndani ya mchanga mfano wa samaki majini. Mchana hujizika, usiku hutoka kutafuta riziki yake: nyenje, mende, mabuu, buibui, tandu, hata nge. Kumwekea panya ni sawa na kumtilia mbuzi nyama, kisha kumlaumu kwa kutokula.

Basi mjukuu na ampe nyenje wadogo, wasiozidi unene wa mwili wa nyoka. Awape kila baada ya siku chache, kwani mlo wa wadudu ni mdogo. Siku moja kabla, nyenje hao walishwe mboga vizuri, kisha wapakwe unga wa kalsiamu, maana wadudu wana upungufu wake. Wadudu wa jikoni au bustanini wasitumike, huenda wamepigwa dawa ya sumu. Nyenje asiyeliwa aondolewe, asije akamtafuna nyoka aliyelala.

Makazi yake nayo yawe na mchanga mkavu wa kina cha kutosha kujizika, upande mmoja wenye joto na mwingine wenye ubaridi, na kisahani cha maji. Kifuniko kibane sawasawa, kwani mwili mwembamba hupita penye upenyo mdogo. Anayemshika aoshe mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimguse, kwa kuwa nyoka huweza kubeba vijidudu vya salmonela. Akiendelea kukataa chakula, apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo ajuaye nyoka.

Turudi kwenye swali la mama. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tulizingatie hilo. Anayemfungia kiumbe amemzibia mlango wa riziki, na kwa hivyo riziki hiyo imekuwa deni shingoni mwake. Deni hulipwa kwa kile mdai anachostahili, wala halilipwi kwa kile kilichomrahisikia mdaiwa. Kwa siku ambazo mjukuu hakujua, twataraji msamaha wa Mola wake. Lakini udhuru wa kutojua hukoma siku mtu anapojulishwa, na leo amejulishwa.

Iwapo ataona mzigo umemshinda, asimtupe ovyo jangwani, kwani nyoka aliyefugwa huweza kupeleka maradhi kwa wenzake. Wazazi waulize idara ya wanyamapori ya jimbo lao, au wamkabidhi kwa mfugaji mjuzi. Na vijana wetu wa huku pwani watakaotamani kuiga wakumbuke kwamba Kenya hafugwi nyoka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Ewe mama yetu, mpigie simu mjukuu usiku wa leo. Kwake huko ni mchana, na maduka ya kuuza nyenje yangali wazi.

Wabillahi tawfiq.