Maneno na Maana Zake: Neno "Interest" katika Hati Zetu

Katika safu hii desturi yetu ni kuchukua neno moja kila mwezi na kulifuata mpaka tujue limetoka wapi na limeingiaje majumbani mwetu. Mara nyingi neno lenyewe huwa la Kiarabu au la Kiswahili. Mwezi huu tumelichagua la Kiingereza, kwa sababu hati nyingi ambazo Waislamu wa nchi zetu hutakiwa kuzitia saini zimeandikwa kwa lugha hiyo, na neno hili moja limewatia wengine hofu isiyo na msingi, na wengine limewaghafilisha na hatari iliyo dhahiri. Neno hilo ni "interest".

Anayelijua kwa maana ya benki peke yake hushtuka kulikuta mahali asipolitazamia. Watoto waliorithi nyumba ya marehemu baba yao huletewa karatasi isemayo kwamba kila mmoja wao ana "interest" katika nyumba ile. Basi huulizana, je, urithi wetu umeingizwa riba? Mzee anayetaka kuweka shamba lake wakfu huliona neno lilo hilo mbele ya majina ya wale watakaonufaika, akairudisha hati kwa hasira. Na kinyume chao yupo kijana aliyefundishwa shuleni kwamba "interest" ni kupendezwa na jambo, na kwamba mtu mwenye "interest" katika vitabu ni mpenda kusoma. Huyu akilikuta neno hilo katika ukurasa wa mwisho wa mkataba hulipita kama lisilomhusu. Wote wawili wamesoma, na wote wawili hawakufahamu.

Asili yake ni Kilatini. Ni maneno mawili yaliyounganishwa, moja lenye maana ya "baina" na la pili "kuwa". Kwa hiyo maana yake ya kwanza ni kuwa baina. Jambo lililo baina yangu na kitu ndilo linalonifunga na kitu hicho, likanifanya nihusike nacho, nikipate faida kikistawi na hasara kikiharibika. Ukilishika shina hili, matawi yake mengi hayatakupotosha. Mapenzi ya mtu kwa elimu ni kamba iliyo baina ya moyo wake na elimu. Haki ya mrithi katika nyumba ni kamba baina yake na nyumba. Mtumishi wa serikali anayetoa zabuni kwa kampuni ya ndugu yake ana kamba mbili zinazomvuta pande mbili, na hilo ndilo ambalo katika Kiswahili cha ofisini huitwa mgongano wa maslahi. Madaktari waandikapo utafiti juu ya dawa hutakiwa waseme kama wamelipwa na watengenezaji wa dawa ile, na hilo pia huandikwa chini ya neno hili.

Katika mambo ya bima neno hili limefanya kazi ambayo Muislamu hana budi kuitazama kwa makini. Katika karne ya 18 watu wa Uingereza walikuwa wakikata bima juu ya maisha ya watu wasiowajua kabisa. Mtu mashuhuri akiugua, wengine huweka fedha kwamba atakufa kabla ya mwezi fulani, na akifa wao huvuna. Mwaka 1774 Bunge lao likapiga marufuku jambo hilo, likasema kwamba hakuna bima juu ya uhai wa mtu ila kwa yule mwenye "interest" katika uhai huo. Kwao wao, basi, neno hili ndilo lililowekwa kuwa mpaka baina ya bima na kamari. Kama mpaka huo watosha katika sheria yetu sisi ni suala jingine, na si nia yetu kulifungua hapa.

Tulikusudia hasa kufika kwenye fedha, na hapa twaomba msomaji atustahimilie, maana historia yenyewe ina mafunzo.

Kanisa la Ulaya katika zile karne za kati lilikataza kukopesha fedha kwa ziada, kama ilivyokatazwa kwetu. Ziada hiyo waliiita kwa Kilatini "usura", nalo ndilo asili ya neno la Kiingereza "usury". Lakini wanasheria wa kanisa wakauliza: je, mkopeshaji akicheleweshewa mali yake, na kwa kucheleweshewa huko akapata hasara, haifai alipwe fidia? Wakajibu kwamba yafaa. Fidia hiyo wakaiita "interesse", yaani kile kilicho baina ya hali aliyo nayo na hali ambayo angelikuwa nayo lau angelilipwa kwa wakati. Tazama basi jinsi neno hili lilivyoingia katika mikopo: liliingia kama jina la kitu ambacho si riba. Kadiri karne zilivyopita mlango ule ukapanuliwa, ikawa fidia yaweza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mkopo, pasipo hasara yoyote kuonekana.

Huko Uingereza Mfalme Henry VIII aliruhusu kwa sheria, mwaka 1545, ziada isiyozidi 10 kwa mia kwa mwaka. Mwaka 1552, katika utawala wa mwanawe, ruhusa hiyo ikafutwa. Mwaka 1571, chini ya Malkia Elizabeth, ikarudishwa. Baadaye kikomo kikashushwa mpaka 8, kisha 6, kisha 5, na mwaka 1854 vikomo vyote vikaondolewa. Katika safari hiyo ndefu "interest" likawa jina la ziada inayokubaliwa na sheria, na "usury" likabakia kuwa jina la ziada inayopita kiasi. Kitendo ni kimoja. Kilichotenganisha majina ni kiwango.

Sasa, wafasiri wawili wakubwa wa Qur'ani kwa Kiingereza, Marmaduke Pickthall katika tafsiri yake ya mwaka 1930 na Abdullah Yusuf Ali katika ile iliyoanza kutoka mwaka 1934, walipofika kwenye Sura ya Baqara, aya ya 275 na zinazoifuata, walilifasiri neno la Mwenyezi Mungu "riba" kwa "usury". Hatuwalaumu, maana ndilo neno lililokuwako lenye harufu ya katazo. Lakini mtu asomaye Qur'ani kwa Kiingereza asubuhi na karatasi ya benki kwa Kiingereza jioni huona maneno mawili mbalimbali, na nafsi yamwambia kwamba lililokatazwa ni lile la asubuhi. Tumewasikia wasomi wetu wakisema hivyo waziwazi: kwamba Uislamu umekataza "usury", ama "interest" ni jambo la uchumi wa kisasa. Hawajui kwamba tofauti hiyo hawakuitoa katika Kiarabu wala katika fikihi, bali wameirithi kutoka bunge la Waingereza.

Msomaji wa Kiswahili hakupatwa na balaa hii. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, katika Qurani Takatifu yake iliyotoka mwaka 1969, ameliacha neno "riba" kuwa riba, na karani wa benki wa Dar es Salaam au Mombasa akitangaza mikopo yake kwa Kiswahili naye husema riba. Neno la msikitini na neno la dirishani ni moja. Hata Waarabu wenyewe hawakubahatika hivyo, kwa kuwa mabenki ya nchi zao huiita ziada hiyo "faida", neno ambalo kwetu ni pato halali la mwenye duka.

Ni haki tuseme kwamba wanazuoni walijadiliana sana juu ya mabenki. Mwaka 1989 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa rai ya kuruhusu baadhi ya hati za akiba, na wengi wakampinga. Kabla yake, mwezi wa Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jeddah, lilikata shauri kwamba kila ziada juu ya deni, ikiwa imeshurutishwa mwanzoni au imetozwa kwa kuahirisha malipo, ni riba iliyoharamishwa. Sisi twashikamana na shauri hilo.

Ikiwa jina la Kiswahili halifichi kitu, wapo waliotafuta majina mengine. Mkopo mmoja wa simu uliojulikana sana Kenya ulianza mwaka 2012 ukitoza 7.5 kwa mia kwa siku 30, na tozo hiyo iliitwa ada ya huduma. Mwenye kukopa shilingi 10,000 alilipa 750 juu yake. Na mwenye kukopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima alikuwa ametoa 9,000 kwa ajili ya kumi zilezile. Bunge lilipoweka kikomo cha riba za mabenki mwaka 2016, tozo kama hiyo ilitetewa kwa hoja kwamba ni ada, wala si riba. Hoja hiyo yafanana mno na ile ya wanasheria wa kanisa.

Msomaji atauliza, basi nitalipambanuaje neno hili karatasini? Iko alama ndogo, na ingawa si kanuni isiyovunjika, yasaidia sana. Tazama neno dogo linalolifuata. Likifuatwa na "in", aghalabu ni haki au hisa katika kitu: katika ardhi, katika nyumba, katika wakfu. Likifuatwa na "on", au likitanguliwa na "at", au likiwa jirani na "rate" na alama ya kwa mia, hiyo ni riba. Wale warithi tuliowataja walikuwa na "interest in", yaani fungu walilopewa na Sura ya Nisaa, na hofu yao haikuwa na mahali.

Na mahakamani liko tawi jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba katika kila jambo la mtoto litangulizwe lile lililo bora kwake, na Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2009 yenye agizo kama hilo. Neno la Kiingereza lililotumika humo ni hilihili, kwa wingi wake, na Kiswahili chake ni maslahi ya mtoto. Maslahi ni neno la fikihi. Imam Ghazali amelieleza katika kitabu chake al-Mustasfa, akisema kwamba makusudio ya sheria kwa viumbe ni kuwahifadhia mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Hivyo mama aliyeitwa mbele ya Kadhi kwa shauri la malezi asishtuke akiliona neno lile katika karatasi zake. Hapo limesimama mahali pa maslaha. Ajabu yake ni hii, kwamba Kiingereza kimeyatia katika mfuko mmoja lile ambalo sheria yetu imelipiga vita na lile ambalo sheria yetu imeletwa kulilinda.

Lakini hati inayotushughulisha kuliko zote ni mkataba wa kuuziana kiwanja au nyumba. Huo hawausaini wanaume peke yao. Katika Kenya na Tanzania nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo mama wa nyumba naye huitwa kwa wakili na kuonyeshwa mahali pa kutia saini. Ukurasa wa kwanza wa mkataba kama huo husema kwamba muuzaji amhamishia mnunuzi "interest" yake yote katika kiwanja. Hiyo ni haki yake, na hakuna neno. Kurasa chache mbele, chini ya kifungu cha kuchelewesha malipo, mara nyingi neno lilo hilo hurudi likiwa na "on" na kiasi cha kwa mia: mnunuzi asipolipa siku iliyotajwa, deni litaongezeka kila mwezi mpaka alipe. Muuzaji aweza kuwa Muislamu, na mnunuzi Muislamu, na wakili Muislamu, na kifungu kikawamo kwa kuwa kimenakiliwa kutoka mkataba uliotangulia.

Na hiyo ndiyo sura ya riba ambayo wafasiri wa Qur'ani huianza wanapoeleza riba ya zama za Jahiliya: muda wa deni ulipofika, mdai alimtaka mdaiwa ama alipe, ama deni lizidi. Mabenki ya Kiislamu yanayotoza wachelewaji hutakiwa na masheikh wao wazitoe fedha hizo sadaka, zisiingie katika pato la benki. Muuzaji wa kiwanja hana masheikh wa kumsimamia. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Baqara, imekuja kuamrisha kuandika madeni, na imeagiza kwamba mdaiwa asiyeweza kusomesha maneno ya deni walii wake amsomeshee kwa uadilifu. Basi asiyejua Kiingereza ana haki ya kumtaka wakili amsomee kifungu hicho kwa Kiswahili kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mkataba ni wa watu wawili, na wakiridhiana kifungu hicho hufutwa. Wakili hukipiga mstari, na pande zote mbili hutia saini ndogo pembeni mwa mstari ule, katika kila nakala.