Adabu za Nyumbani: Pazia na Bomba Lake

Mwezi huu bibi mmoja wa hapa Bariadi ametuomba tueleze habari za mapazia, si za vitambaa, bali za kile kinachoyashika. Asema amekwisha tundika mapazia mara mbili, na mara zote mbili yameanguka, ya mwisho mbele ya wageni, naye yu kichwa wazi. Huenda mtu akasema jambo hili si la kuandikwa katika gazeti la dini. Sisi hatusemi hivyo.

Imo katika Sahihi Bukhari habari ya mtu aliyechungulia kwa tundu katika chumba cha Bwana Mtume (S.A.W.), naye Bwana Mtume anajikuna kichwa kwa chanuo la chuma. Alimwambia kuwa lau angalijua anatazamwa, angalimchoma nalo jichoni. Na kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi kazi ya kwanza ya pazia ni hiyo, na urembo ni nyongeza tu.

Kadhalika katika Sura Nur, Aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani wasiobaleghe hawaingii bila ya ruhusa: kabla ya Swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wapumzikapo, na baada ya Isha. Nasi wengi wetu milango ya ndani haina ubao, ina pazia tu. Hapo ndipo penye kosa letu. Dirisha la sebule, litazamwalo na wageni, hutiwa bomba la rangi ya dhahabu. Mlango wa chumba cha kulala hutundikwa kanga juu ya uzi na misumari miwili.

Mwandishi huyu alikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Siku moja nilimtuma mwanafunzi wa chuo akaniletee msahafu. Alipogusa pazia la chumbani ili apite, likaja zima pamoja na msumari wake, na ndani alikuwamo mama wa nyumba akivaa. Kijana yule aliona haya, akakaa juma zima haji chuoni, mpaka nikamwendea kwao na kumwambia mbele ya baba yake kwamba kosa lilikuwa langu mimi niliyepigilia msumari ule.

Sasa juu ya kuchagua. Tazameni kwanza ukuta, kabla ya bomba. Nyumba nyingi za kwetu, Bariadi, Maswa na Itilima, ni za matofali ya udongo, mabichi au ya kuchoma, yaliyopigwa lipu. Msumari mfupi hushika lipu tu, na lipu haina nguvu ya kubeba kitu. Afadhali mkate ubao mrefu kuliko dirisha, mkaukaze ukutani kwa skrubu ndefu mahali panne, kisha vishikio vya bomba vikazwe katika ubao huo. Uzito hugawanyika, na mtoto akivuta, ukuta haubomoki. Penye tofali za saruji au lenta ya zege, fundi atoboe kwa keekee, atie kipande cha plastiki, ndipo akaze skrubu. Tundu likizidi unene wa plastiki ile, kazi yote ni bure.

Ama bomba lenyewe, yale ya kuvutana, moja ndani ya jingine, ni mepesi kubeba sokoni, walakini hulegea pale yanapoungana. Dukani shikeni ncha zote mbili, mwenzenu abonyeze katikati, likipinda liacheni. Dirisha likizidi mita moja na nusu, litieni kishikio cha tatu katikati. Na bomba lizidi dirisha shibiri moja kila upande, maana jicho la nje hupenya pembeni. Vichwa vya bomba viwe vya kufunguka, kwani kwa vumbi letu la kiangazi pazia hufuliwa mara kwa mara.

Kazi ikiisha, bwana wa nyumba asimame nje usiku taa ikiwaka ndani, atazame. Kitambaa kisichoonyesha kitu mchana huonyesha kivuli kizima usiku.

Juu ya gharama, imo katika Sahihi Muslim ya kuwa Bibi Aisha (R.A.) alitundika kitambaa mlangoni, Bwana Mtume akakivuta, akaeleza kwamba hatukuamrishwa kuyavika nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakifanya mito miwili, wala hakulaumiwa. Imamu Nawawi amelieleza jambo hili kuwa ni karaha, si haramu. Hivyo pazia la kusitiri halina neno. Lakini wako wanaofunika ukuta mzima, tena kwa mkopo wa Februari, na pamba hainunuliwi mpaka Mei. Huo sioni udhuru wake.

Bibi aliyetuuliza na aanze na mlango wa chumba chake: ubao, skrubu nne, vishikio viwili, bomba fupi la chuma, na kitambaa kizito. Kisha dirisha la chumba cha mabinti. La sebule lingoje mavuno.