Kuuza Bila Kuwa na Duka: Tuliyoyaona Kamwokya

Mwezi huu safu yetu ya kujitegemea inajibu swali ambalo vijana wengi wametuuliza: "Walimu, eti ni kweli mtu anaweza kuuza vitu kwa simu na hana hata kitu kimoja nyumbani?"

Ndiyo, ni kweli. Tumeona kwa macho yetu. Lakini kuna mahali pa kujikwaa, na sisi wenyewe tulijikwaa. Tutawaeleza yote mawili.

Likizo iliyopita tulipata karatasi ya ruhusa, tukapanda basi kwenda Kampala, tukafikia kwa dada yetu anayekaa Kamwokya. Wasioijua Kamwokya, ni mtaa ulio chini ya kilima cha Kololo, kando ya Kira Road, si mbali na jumba la makumbusho la Uganda. Upande wa juu kuna nyumba za matajiri, maofisi na maduka ya vioo. Ukishuka kidogo tu unakuta soko, vyumba vya kupanga vilivyobanana, mitaro, chapati na kelele za bodaboda. Dada anakaa huko chini, chumba kimoja na watoto watatu. Mkimbizi anayeishi mjini hapewi mgao wa chakula kama sisi huku, ni lazima ajitegemee. Na sisi tulio kambini tunajua mgao wenyewe umepunguzwa zaidi ya mara moja tangu 2020.

Zamani dada alikuwa akitembeza vitenge begani. Jua lake, mvua yake, na askari wa jiji wakitokea, mbio! Siku moja alipoteza pisi tano katika mbio hizo, na zilikuwa za mkopo. Alilipa deni lile miezi minne. Hapo ndipo akasema basi, sitabeba tena mali ambayo haijapata mnunuzi.

Sasa anafanyaje? Kila Jumatatu anapanda taksi mpaka mjini, anaingia Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla ambako wafanyabiashara wa Uganda nzima hununua. Anao wenye maduka watatu wanaomfahamu. Anaomba ruhusa, anapiga picha vitenge vipya, anauliza bei ya jumla na anauliza vimebaki vingapi. Akirudi Kamwokya anaziweka picha kwenye WhatsApp na bei yake mwenyewe. Wateja wake ni wafanyakazi wa maofisi ya Kololo, mafundi cherehani wa Bukoto na Ntinda, na akina mama wa Kikongo wanaojua kitenge kizuri hata kwenye picha. Anayetaka anatuma pesa kwa simu. Dada akishapata pesa ndipo anakwenda kununua, halafu mtu wa bodaboda anapeleka. Siku nyingine dada hata haugusi mzigo: mwenye duka anaufunga na kumkabidhi bodaboda palepale Kikuubo, unakwenda moja kwa moja mpaka kwa mteja.

Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Nyumbani kwake hakuna stoo wala kabati la vitenge. Kuna simu na daftari.

Msidhani ni jambo la kigeni. Dalali wa ng'ombe anauza ng'ombe asiye wake tangu enzi za babu zetu. Na huko Marekani, mwaka 1886, kijana mmoja aitwaye Richard Sears alikuwa karani wa kituo cha treni katika jimbo la Minnesota. Sanduku la saa lilifika, mwenye duka aliyetumiwa akalikataa. Sears akakubaliana na kampuni iliyozituma, akawauzia makarani wa vituo vingine, akalipa kampuni na kubaki na faida. Kutoka hapo ilizaliwa Sears, Roebuck, kampuni iliyouzia Wamarekani vitu kwa kitabu cha picha na posta. Siku hizi kitabu cha picha ni simu.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Tuchukue mfano. Pisi ya yadi 6 dukani ni shilingi 40,000. Dada anaiuza 52,000, na bodaboda analipa mteja. Mtu atasema, "Faida ni 12,000!" Ngoja kwanza. Taksi kwenda na kurudi 4,000. Bando 1,000. Kutoa pesa kwenye simu, tuseme 1,500, kwa sababu kampuni inakata yake na serikali nayo, tangu 2018, inakata asilimia 0.5 ya pesa unayotoa. Jumla ni 6,500. Imebaki 5,500, na siku nzima imeisha.

Lakini dada haendi mjini kwa pisi moja. Anakusanya oda mpaka zifike nne au tano, ndipo anakwenda, Jumanne na Ijumaa tu. Pisi nne zinaleta tofauti ya 48,000. Taksi ni ileile 4,000, bando lilelile 1,000, kutoa pesa tuseme 6,000. Inabaki 37,000. Mmeona? Bei ni ileile na miguu ni ileile, ila amepanga siku zake. Mteja anaambiwa mapema: "Ukilipa leo Jumatano, mzigo ni Ijumaa jioni." Asiyeweza kungoja anakwenda dukani mwenyewe, na hawagombani.

Basi tukarudi kambini vichwa vimejaa moto. Tukasema, na sisi tutajaribu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, tukatumia picha za viatu vyeusi vya shule ambazo dada alitupigia. Mama mmoja wa kijiji chetu, mzazi wa mtoto tunayemfundisha, akaja. Alikuwa ameuza maharage. Akataka jozi mbili, akatupa 70,000 mkononi, akauliza, "Walimu, vipo kweli?" Tukajibu, "Vipo, mama, usiwe na wasiwasi."

Kumbe picha ilikuwa ya wiki tatu. Dada alipofika dukani akaambiwa saizi zile zimekwisha, na mzigo mwingine haujulikani utafika lini. Kosa la kwanza hilo, hatukuuliza. La pili ni baya zaidi. Katika ile 70,000 tulikuwa tumekwisha kutumia 20,000. Tulinunua bando, tukalipa deni dogo la sukari, tukijiambia kwamba faida itarudisha. Faida ambayo bado haijazaliwa!

Shule ikafunguliwa. Yule mtoto akaja darasani na kandambili, moja ya bluu na moja nyekundu, akakaa nyuma kabisa na kuficha miguu chini ya benchi. Sisi tukiwa mbele na chaki. Tunawaambia ukweli, siku ile hatukufundisha vizuri. Mdogo wake hakuja kabisa.

Tulikopa kwa mwalimu mwenzetu, tukampelekea mama pesa zake zote usiku uleule na kumwomba msamaha. Hakutukana. Alizihesabu, akasema, "Walimu, mngeniambia havipo ningengoja, au ningenunua vya mtumba hapa sokoni. Ninyi mliniambia vipo."

Neno hilo bado linatuuma. Ndugu zetu, mtu mwenye duka akikosea, mteja anaona duka na anajua mahali pa kurudi. Sisi tusio na duka, mteja ana nini cha kushika? Neno letu tu. Likiharibika, hakuna kilichobaki cha kuuza.

Tulimpigia dada kumweleza. Alicheka kwanza, halafu akatugombeza kama mama. Akatutajia taratibu zake, nasi tunaziandika hapa kwa anayetaka kuanza:

1. Piga simu dukani kabla ya kupokea pesa, kila mara. Picha ya jana si mali ya leo.

2. Pesa ya mteja si yako mpaka aupokee mzigo na kusema sawa. Dada huitenga kwenye laini ya pili. Hata watoto wakilala bila sukari, haiguswi.

3. Laini iwe kwa jina lako. Wengi wetu tulizoea kutumia laini iliyosajiliwa na jirani, na siku mkigombana pesa ni zake. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha ukimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Tumieni haki hiyo. Na kufanya kazi ni haki yenu pia, sheria ya wakimbizi ya 2006 inasema hivyo.

4. Kagua kitu kabla hakijaondoka. Fungua kitenge chote, tazama rangi, pima yadi, piga picha ukiwa umekishika, mtumie mteja. Akikataa akikataa sasa, kabla bodaboda hajawasha pikipiki.

5. Andika kwenye daftari: jina la mteja, namba, kitu, pesa aliyotoa, siku ya kupeleka. Msitegemee simu peke yake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kama tano, na Facebook ikafungwa. Waliokuwa na wateja Facebook tu waliwapoteza. Dada alikuwa na namba zao kwenye daftari, akawapigia mmoja mmoja.

6. Kitu kikikosekana, sema siku hiyohiyo na rudisha pesa yote siku hiyohiyo. Usimwambie mtu "kesho" mara tatu.

Tulimwuliza pia, "Dada, mwenye duka akimnyang'anya mteja wako je?" Akasema imeshatokea. Mwenye duka mmoja alitia karatasi yenye namba yake ndani ya mzigo, na wateja wawili wakahamia kwake. Mmoja alirudi baada ya mwezi, kwa sababu mwenye duka hakuwa na muda wa kumtafutia kitenge kinachofanana na gauni la dada yake. Wa pili hakurudi. "Ndiyo biashara," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Jambo moja la tahadhari kwa vijana. Huko nje kuna watu wenye maduka ya intaneti yanayoagiza kitu China na kukituma kwa mteja Ulaya bila wao kukiona. Ni kazi halali, lakini inataka kadi ya benki, matangazo ya kulipia, na uvumilivu wa mizigo inayokawia na kulipiwa ushuru. Sasa wamejitokeza watu wanaouza "mafunzo" ya kazi hiyo kwa simu: lipa leo, utajirike mwezi ujao. Mtu akikutaka ulipe kwanza ndipo akufundishe utajiri, jiulize yeye anapata pesa wapi. Anzeni na mtu mnayemjua Mbarara au Kampala, na wateja wanaojua mnapolala.

Na sisi je, tumeacha? Hatujaacha. Muhula huu tulichukua oda tatu tu, za madaftari na sare. Tulipiga simu dukani kwanza. Mzigo ulikuja kwa basi mpaka Mbarara, jina na namba ya simu vimeandikwa juu kwa kalamu nene, ukafika kambini siku ya pili. Oda moja ilikuwa ya yule mama wa viatu. Safari hii hakutoa pesa yote. Alitoa nusu, akasema nusu nyingine akishaona. Tukakubali. Alikuwa na haki.

ZOEZI LA NYUMBANI. Watoto, fanyeni na wazazi wenu. Mama anauza sufuria kwa simu. Dukani ni 25,000, yeye anauza 33,000. Safari ya kwenda sokoni na kurudi ni 5,000, na kutoa pesa ni 1,000 kwa kila sufuria. Atabaki na ngapi akiuza moja? Na akikusanya oda tano kwa safari moja? Leteni majibu darasani Jumatatu. Wazazi mnaruhusiwa kusaidia, ila msifanye yote!

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia. Mwenye swali atukute darasani baada ya saa kumi, au alitie kwenye sanduku la barua mlangoni.

Ni sisi walimu wenu wa jioni.