"Alie Tu, Atazoea"

Vitabu vya picha vinavyomwandaa mtoto kwa siku yake ya kwanza shuleni vinapuuzwa Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo (DRC), kwa hoja mbili kuu. Ya kwanza: kitabu ni cha anayejua kusoma. Ya pili: mtoto hulia siku mbili tatu, kisha huzoea. Hoja zote mbili ni dhaifu, na ya pili ina ukatili ndani yake.

Ya kwanza ilijibiwa zamani. Comenius, mwalimu kutoka Moravia, alipochapisha Orbis Pictus mwaka 1658, alitaka mtoto akabidhiwe kitabu hicho nyumbani, azoee picha zake kabla hajapelekwa shule. Mtoto wa miaka minne hajui herufi, lakini nyuso anazijua, na mfuatano wa mambo anaufuata: mama anaaga, mwalimu anapokea, kengele inalia, mama anarudi. Asiyeonyeshwa mfuatano huo akinyamaza siku ya tatu, huenda amechoka kulia tu.

Dhidi ya hoja ya pili, Beni na Butembo zina ushahidi wao wenyewe. Baada ya Ebola kutangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wazazi wengi waliingizwa katika vituo vya matibabu, watoto wakabaki nje. UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto kando ya vituo hivyo katika miji yote miwili. Walezi walikuwa watu waliopona ugonjwa, ambao kwa kinga yao waliweza kuwabeba watoto kifuani. Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, jamaa wakamwona mgonjwa wao. Mtoto alihitaji kujua mama yuko wapi. Anayeachwa langoni mwa shule, mama akielekea sokoni au shambani, anauliza swali lilelile.

Husemwa pia kwamba vitabu hivi ni anasa ya watoto wa maternele, yaani chekechea. Ni kinyume kabisa. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule za msingi. Maternele, ya miaka 3 hadi 5, kwa kawaida bado ni mzigo wa mzazi. Kwa hiyo wengi huingia darasa la kwanza moja kwa moja, bila kuwahi kukaa kwenye benchi. Hao ndio wenye haja kubwa zaidi.

Wapenzi wa vitabu hivi nao wana kosa lao: kudhani kitabu chochote cha Ulaya kitafaa. Owl Babies ya mwaka 1992, inayosifiwa sana huko, ina vifaranga vya bundi wanaomngoja mama yao usiku. Bundi, kwa familia nyingi za hapa, ni ndege wa mkosi! Kinachofaa ni picha za hapa: sare ya buluu na nyeupe, lango lenyewe, na choo, kwa sababu mtoto asiyejua choo kilipo hujibana asubuhi nzima. Maneno yawe ya Kinande na Kiswahili. Sheria namba 14/004 ya 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na za mazingira katika kufundisha, hivyo Kifaransa kinaweza kungoja.

Karatasi mbili zilizokunjwa katikati zinatoa kurasa nane, na mashine ya fotokopi haikosekani mjini. Wakuu wa shule, pigeni picha ama choreni shule zenu, na kila mzazi anayeandikisha mtoto apewe nakala kabla ya Septemba.